Jiwe Lenye Mwenyewe

Begi la mpira la kuzamia lilikaa nyuma ya mlango wa mbele, na kila asubuhi binti alilitazama kabla hata ya kumwamkia baba yake. Akilikuta limefungwa zipu, roho ilitulia. Akilikuta wazi, alitafuta kisingizio cha kukaa karibu nalo: anafunga kamba za viatu, anafagia, anafuta kitasa ambacho hakina hata vumbi. Ndani ya begi mlikuwa na miwani ya kuzamia, mapezi ya miguuni, tochi ya chini ya maji, na chuma kipana chenye mpini wa mbao ambacho baba yake alikitumia miaka thelathini na mmoja kukwangua matumbo ya meli bandarini.

Miezi saba ilikuwa imepita tangu daktari wa masikio amkataze kuzama. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibaki kwa huruma tu, na akishuka mara moja nyingine nalo litakwenda, au kichwa kitamzunguka huko huko chini asijue juu ni wapi. Baba alimsikiliza daktari kwa adabu, akashukuru, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakukaa. Alipaka rangi milango yote, kisha akaipaka tena. Alisugua masufuria mpaka masizi ya miaka yakatoka, akaenda kwa jirani kuuliza kama wana sufuria za kusuguliwa. Dada mkubwa, aliyeolewa mtaa wa pili, alisema baba akija kumtembelea hamalizi saa moja, na nusu ya saa hiyo amesimama, kama mtu mwenye siafu miguuni.

Juu ya hayo, Nanga alikuwa anapiga simu. Nanga alikuwa msimamizi wa wazamiaji, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu akishuka kwenye kiti hanyanyuki mpaka avutwe. Hakuwa mtu mbaya. Alipungukiwa watu tu. Kazi ndogo, kaka, alikuwa akisema, kina kifupi, hata nywele hazilowi. Baba alicheka na kumwambia atafikiria.

Ndiyo maana binti alipopata kazi aliyoililia tangu amalize chuo, katika maabara ya kupima maji kwenye mji wa mwendo wa siku nzima, alifurahi siku mbili tu. Kazi ingeanza baada ya wiki tano. Mama yao alifariki zamani, na nyumbani walibaki wao wawili. Yeye akiondoka, nani atalitazama begi?

Wazo lilimjia akiwa anaosha vyombo, na halikumwacha tena. Kama baba hawezi kushuka baharini, basi kipande cha bahari kije kikae sebuleni, kimshike kabla yeye hajaondoka. Alipomwambia dada yake, dada alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Yaani umnunulie baba samaki asiyeliwa?"

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa na joto na mngurumo wa pampu. Mwenye duka, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba kifuani, alikuwa akigawa chakula kwa kijiko cha chai. Binti alikunjua karatasi yake. Alikuwa ameandika kila kitu, mpaka idadi ya konokono, na aliomba tangi la lita arobaini, kwa kuwa mwanafunzi huanza na kidogo.

"Hapana, binti," mwenye duka alisema. "Kwenye tangi dogo, kosa linaua. Kwenye kubwa, kosa linaumwa tu, unapata nafasi ya kutubu."

Basi likawa la lita mia mbili. Baba, ambaye mpaka hapo alikuwa anazunguka duka mikono nyuma, alikuja akaligonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio lake zima kwenye kioo, akapitisha kidole kwenye kila kona iliyogandishwa kwa gundi, taratibu, kama anatafuta ufa kwenye chuma. Wakafika kwenye pampu. Mwenye duka aliwaonyesha moja yenye nguvu. Baba aliuliza kama inasukuma maji upande mmoja tu, na alipojibiwa ndiyo, akakunja uso. Maji ya kweli yanakwenda na kurudi, alisema. Samaki atalala wapi, akipigwa usoni kutwa nzima? Wakachukua mbili ndogo za kupokezana. Mama yule alimwangalia juu ya miwani.

"Mzee wangu, wewe si mgeni wa haya mambo."

"Mimi najua chini," baba alisema. "Hapa juu ndipo mgeni."

Walichagua hita, taa, na kile chombo kinachochemsha mapovu na kutoa uchafu. Kuhusu maji, baba alijitolea kuleta madumu kutoka bandarini, kisha akacheka mwenyewe, maana hakuna aliyejua kuliko yeye kilichomo kwenye maji yale. Wakachukua mifuko ya chumvi ya bahari ya kuchanganya nyumbani, na kipimo chake.

Samaki, binti alikuwa amekwisha kuwachagua. Wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, kaa mmoja anayeishi ndani ya kombe la kuazima, na konokono watano wa kula ukungu wa kwenye kioo. Lakini baba alikuwa amesimama mbele ya tangi lingine, la samaki mmoja mdogo wa kahawia, asiye na uzuri wowote, aliyelala juu ya jiwe na midomo ameibetua. Ananuna kama Nanga akinyimwa chai, baba alisema. Akaendelea kumtazama. Binti alitupia jicho saa ya ukutani: dakika nne nzima, bila kuhama mguu. Miezi saba hakuwa ameona kitu kama hicho.

"Huyo naye," akasema haraka.

Lakini mwenye duka hakuuza samaki siku hiyo. Maji lazima yaive kwanza, alieleza. Samaki akijisaidia ndani ya maji mabichi, uchafu wake unakuwa sumu inayomuua mwenyewe. Kuna vijidudu, havionekani, vinavyoila hiyo sumu, na vijidudu hivyo huja vimekaa kwenye mawe yaliyotoka baharini. Mawe ataagiza. Yakifika yakiwa mabichi na kuingizwa mara moja, wiki mbili zinaweza kutosha. Binti alihesabu kwa vidole mfukoni. Ingetosha, kwa kubana.

Mawe yalifika zikiwa zimebaki siku kumi na sita. Kumi na mawili, yamelowana ndani ya ndoo tatu, yana rangi ya zambarau na kijani na nyuzi nyuzi za majani. Binti aliziweka ndoo uani, akamwambia baba mawe hayo ndiyo moyo wa tangi, akakimbia kwenda kutoa nakala za vyeti vyake mara moja kabla hawajafunga. Foleni ilikuwa ndefu. Alirudi baada ya saa tatu, na alipofungua mlango wa uani alimsikia baba anaimba.

Baba alikaa kwenye kigoda, mikono ya shati imekunjwa, brashi ya waya mkononi na bomba la maji linatiririka. Mawe kumi na moja yalikuwa yametandazwa juu ya gunia kwenye jua kali, meupe pe.

"Umekuja, mama," alimwambia. Alizoea kumwita hivyo, kwa kuwa binti alirithi jina la bibi yake. "Yule mama wa dukani amekuuzia uchafu mtupu. Lakini usijali, hata meli ya miaka mitano haikai na mimi mpaka jioni."

Binti alikaa kwenye ngazi. Kwa miezi saba hakuwa amemwona baba yake na uso ule, na alitamani sana asiseme kitu. Akasema. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba ule uchafu ndio walioulipia, kwamba vijidudu vile vilikuwa juu yake, kwamba maji ya bomba na jua vimeviua. Baba aliacha brashi ikaning'inia mkononi. Akafunga bomba. Akatazama mawe yake meupe, moja moja.

"Lipo moja sijaligusa," alisema mwishowe.

Alivuta ndoo ya tatu. Chini, ndani ya maji yake ya chumvi, lilikuwa jiwe moja lenye tundu kubwa kama jicho la kuku.

"Hili nimeliacha. Lina mwenyewe."

Wakainama wote. Baada ya kitambo, mguu ulitokea kwenye tundu, mwembamba kama uzi wa kushonea, wenye miiba midogo, ukapapasa, ukarudi ndani. Kilikuwa kiti cha pweza, kile kiumbe cha bahari chenye umbo la nyota, cha aina ya miguu mirefu, kidogo kuliko kifungo. Baba alisema viumbe hivyo amevikwangua magunia kwa magunia. Hakuwahi kukitazama hata kimoja, maana tochi ilikuwa ya kumulika chuma. "Leo kimenishika kidole," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kujitetea.

Waliliingiza jiwe lile tangini peke yake. Binti akaanza kupima sumu kwenye maji asubuhi na jioni, kwa dawa ya matone aliyonunua dukani, kama vile kupima kungeyaharakisha. Matone manane kwenye kichupa, tikisa, subiri, linganisha rangi na karatasi. Manjano ni salama. Kila mara ilikuwa kijani. Alitembea kutoka tangini hadi kwenye kalenda na kutoka kwenye kalenda hadi kwenye begi, mpaka baba akamuuliza kama na yeye ameanza kuwa na siafu.

Zilipobaki siku nne alichukua ndoo yenye mfuniko akaenda dukani. Aliomba samaki wake wote pamoja na yule wa kununa. Mwenye duka aliuliza kipimo kinasemaje. Binti alidanganya kwanza, halafu hakuweza kuendelea. Akaeleza yote: meli, sikio, Nanga, basi la siku ya nne. Alisema baba anahitaji kitu cha kutazama kabla hajaondoka, hata kama ni kwa wiki chache. Mama yule alivua miwani.

"Na wakifa ukiwa huko, nani atawaopoa?"

Binti alifunua ndoo, akamkabidhi mfuniko.

"Atawaopoa yeye, mmoja mmoja. Halafu atakwenda wapi?" Akamrudishia mfuniko wa ndoo. "Weka hilo jiwe moja lifanye kazi. Yale meupe yaloweke pembeni kwenye maji ya chumvi mpaka yaache kunuka, kisha yaingie taratibu. Wiki sita, labda nane. Huyu mnunaji nitamtunzia mzee."

Alirudi na ndoo tupu inayomgonga goti kila hatua. Kufungua mlango, begi lilikuwa wazi. Hakufagia, hakushika kamba za viatu. Alipiga magoti na kutia mikono ndani. Miwani ipo. Mapezi yapo. Chuma kipo. Tochi haipo. Aliita, na hakuna aliyeitika. Alikwenda uani, akarudi, tayari anatafuta namba ya Nanga kwenye simu, ndipo alipoona kuwa mapazia ya sebuleni yamefungwa saa nane mchana.

Baba alikuwa amelala ubavu sakafuni mbele ya tangi, sikio zima chini na lile bovu juu, ndiyo maana hakusikia. Tochi ya chini ya maji ilikuwa imeegemezwa kwenye kioo, ikimulika ndani ya tundu. Alimwona binti, akampungia aje bila kelele.

"Wako wawili," alinong'ona.

Binti alilala karibu naye. Hakuona wawili. Aliona uzi mmoja unaopapasa, na alikuwa bado anahema. Alimwambia kwamba samaki hawatakuja kabla hajaondoka. Baba alisema anajua. Karatasi ya rangi anaiona na yeye. Kisha akamwomba, kama mtu anayeomba funguo, amfundishe yale matone. Wakapanga awe anapima kila Jumatatu na Alhamisi.

Asubuhi ya safari dada alikuja na motokari ya jirani, akapiga honi mara mbili. Binti alisimama mlangoni na sanduku. Begi lilikuwa pale pale nyuma ya mlango, limefungwa, na tochi haikuwa imerudishwa ndani. Simu ya baba ililia juu ya meza, na jina la Nanga likawaka kwenye kioo.

Baba alikuwa dirishani, ameinua kichupa usawa wa macho. Simu ilikuwa upande wa sikio lake zima, na aliisikia vizuri. "Tatu," alisema. "Nne." Simu ikaendelea. "Tano." Mkono wake, mkono wa kukwangua chuma, uliminya chupa ya dawa kwa wororo ambao binti hakujua kama anao. Honi ikapigwa tena.

"Mama, mjibu huyo," alisema bila kugeuka. "Mwambie nina kazi. Sita."

Binti alipokea. Nanga alisalimia kwa bashasha, akauliza mzee yuko wapi, kuna meli imeingia, siku moja tu, kina kifupi. Binti alimwambia mzee ana kazi.

"Kazi gani tena?"

Baba alikuwa amefunga kifuniko na kutikisa kichupa, na sasa alikisimamisha mbele ya karatasi nyeupe, akisubiri. Kilikuwa kijani bado, ila kijani kilichopungua, au labda ni mwanga wa asubuhi. Binti alitamani kuvuka chumba akakitazame mwenyewe. Alikaza mkono kwenye sanduku.

"Anapima maji," alimwambia Nanga. "Alhamisi anapima tena."