Siku Kamati ya Ada Ilipokaribishwa kwa Tharsisi

Mwaka ule wa 1977 Tharsisi alikuwa na vitu viwili vikubwa: binti aliyefaulu kuliko watoto wote wa kijiji cha Titye, na kiburi kilichozidi shamba lake. Binti huyo, Esteri, alikuwa amepata nafasi katika shule ya masista kule Kibondo, shule ya kulipia, na ada yake haikutoshelezwa na maharage yote ya baba yake. Bahati nzuri parokia ilikuwa na kamati ya kuwasaidia wazazi wa namna hiyo. Kamati ilikuwa ikifika kwanza nyumbani kwa mwombaji, ikiona hali kwa macho, ikiandika.

"Waache waone nyumba ilivyo," mkewe Epifania alimwambia.

"Wageni wakae mkekani, mama Esteri? Tumekuwa watu wa namna gani?"

Kwao Burundi mgeni hakuondoka hivi hivi. Basi Tharsisi akaenda kwa jirani yake Reverien, akaazima viti vinne vya mninga, redio, chupa ya chai yenye maua, na koti. Kuku pekee aliyekuwa akitaga akachinjwa bila kuulizwa maoni yake.

Kamati yenyewe ilikuwa watu wawili: Bibi Josepha, muuguzi wa serikali aliyehamishiwa Kasulu kutoka Songea, na Melkiadi, karani wa parokia, mtu mwenye daftari na njaa. Walikaa, wakala, wakashushia na chai. Tharsisi alivimba kwa furaha mpaka koti likambana.

"Ndugu Tharsisi," Melkiadi alisema akijifuta midomo, "tulikosea kukuweka kwenye orodha ya waombaji. Watu wenye uwezo kama wewe ndio wa kutusaidia kuchangia wengine."

Hapo mtu mwenye akili timamu angesema ukweli. Tharsisi alisema, "Ego! Ndiyo, bila shaka!" Tena akaahidi mbuzi.

Wageni walipoondoka Epifania hakupiga kelele. Angepiga kelele, mumewe angepata pa kujitetea. Alikusanya sahani tu, akasema taratibu, "Esteri yuko nyuma ya nyumba, kasikia yote. Nenda kamwambie mwenyewe kwamba hasomi."

Tharsisi hakwenda nyuma ya nyumba. Alitoka mbio, koti la Reverien likipepea, akawapata wageni kwenye kijito. Akawasalimu upya. Akauliza habari za Kasulu. Akasifu mvua.

"Mzee wangu," Bibi Josepha akasema, "umetukimbilia mwendo wote huu kwa ajili ya mvua?"

Tharsisi alipovuka mpaka kutoka Burundi miaka mitano iliyopita alipewa blanketi, akapewa jembe, akapewa unga, akapokea huku ameinamisha kichwa. Akaapa moyoni kwamba hatanyoosha tena mkono mbele ya mtu. Kiapo hicho ndicho kilichoazima koti. Sasa aliona aibu, aibu ya kweli kuliko ile ya mkeka.

"Viti ni vya Reverien," alisema. "Redio ni ya Reverien. Koti hili pia ni la Reverien. Kuku ndiye aliyekuwa wangu, nanyi mmemla."

Bibi Josepha alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu yule mzee alikuwa akilia.

"Haya, baba, unataka nini? Sema wewe. Melkiadi hawezi kuandika asichokisikia."

"Naomba," Tharsisi akasema. "Naomba mnisaidie kumsomesha mwanangu."

Melkiadi akafungua daftari, akakata mstari mmoja, akaandika mwingine.

Tharsisi alipogeuka alimkuta Esteri amesimama njiani, peku, akihema. Alikuwa amemfuata mbio tangu nyumbani. Katika maisha yake yote binti huyo hakuwahi kumsikia baba yake akimwomba mtu kitu. Esteri akamshika baba mkono, akatembea naye polepole kurudi nyumbani, utadhani yeye ndiye anayempeleka mtoto shule.