Hayat, Halafu Nani

...na halafu, amesema, Hayat halafu nani, mama, jina kamili, na kalamu yake imesimama pale pale baada ya herufi ya mwisho, ncha imegusa karatasi na wino umeanza kufanya kidoa, na mie namtazama kama sikusikia, ingawa nimesikia, hata mtoto angesikia, ni swali la kila dirisha tangu niliposhuka ndege, jina lako nani, na kila mara nimejibu kama mtu anavyopiga chafya, Hayat Sultan, kwa daktari Hayat Sultan, benki Hayat Sultan, kwa yule msichana wa maktaba ya Walthamstow aliyenipa kadi na kunitabasamia, Hayat Sultan, lakini leo ulimi umelala, umelala kabisa, na Bi Geeta anangoja, hana haraka, au anayo na adabu ndiyo inayomzuia, wakili huyu Mhindi wa Tanga aliyeletwa Uingereza na wazazi wake angali na misuko miwili ya nywele na Kiswahili cha skuli ya msingi, na bado anacho, anakitoa mbele ya watu kama sisi kama mtu anayetoa sahani za wageni kabatini, na nyuma yake dirisha, na nyuma ya dirisha Tottenham, basi jekundu limekwama, mwanamke anachagua ndizi mbichi mbele ya duka, anazibonyeza moja moja, na chini kidogo, kwenye mistari ya manjano, Asad, ndani ya gari, injini inanguruma, anaogopa kuacha gari asije akaandikiwa faini, nenda uanze, kaniambia, mie natafuta pahala pa kuegesha kisha nakuja kutia saini, Asad ni mume wangu, alikuwa mume wangu, ni, alikuwa, sijui lipi, kwa Mungu nimeachwa na eda imekwisha, kwa Malkia bado nimeolewa, maana talaka yetu ilisemwa jikoni na Malkia hakuwepo jikoni...

Anakohoa Bi Geeta, anasema si lazima ujibu haraka, ila kila karatasi inaanza na jina, naye hawezi kuanzia katikati, na mie najua, mie mwenyewe siwezi kuanzia katikati, katikati ndiko niliko, visa yangu ina sharti na sharti lenyewe ni Asad, nimeingizwa nchi hii kwa ajili yake kama mzigo ulioandikwa jina la mpokeaji, tukae miaka miwili mke na mume ndipo nipewe ukaazi wa kudumu, ndipo niwe mtu anayesimama peke yake, na miaka miwili ndiyo hiyo inakaribia kutimia, nasi tumeanguka mlangoni, tumeanguka tukiona kizingiti, na Asad hana ubaya, laiti angekuwa na ubaya, ningejua pa kushika, lakini Asad ndiye aliyetafuta wakili, ndiye aliyekuja kunichukua leo asubuhi, na kiti cha mbele kakipangusa, kasema tutawaambia bado tunaishi pamoja, mbona si uongo mkubwa hivyo, nusu ya sufuria zako ziko kwangu, na mie nikasema, na jina, nikiwa sijui kwa nini nasema, na jina je, Asad, akacheka ule mcheko wake wa puani, akasema kaa nalo tu, halitaniishia.

Kaa nalo tu. Na nikakaa nalo mpaka ngazini, mpaka kiti hiki, na ningekaa nalo mpaka mwisho kama mdomo wangu usingefunguka wenyewe, Bi Geeta alikuwa anatafuta miwani, mie nikauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, eti mtu akitaka kurudisha jina la babake anafanyaje, na miwani aliyokuwa keshaiona akaiacha pale pale ilipo, akasema inategemea, sasa hivi au baada ya ukaazi, baada ya ukaazi ni jambo rahisi, karatasi moja na shahidi mmoja, lakini ukiniambia sasa hivi, mama, mimi lazima nikuulize kwa nini, na ukinijibu nitakuwa nimesikia, akaongeza polepole kwa Kiswahili chake cha Tanga, "Usiniambie kitu ambacho nikishakisikia siwezi kukisahau." Halafu akachukua kalamu. Halafu akaandika Hayat. Halafu akauliza, halafu nani... na kidoa kinakua, kidogo kama mbegu ya ufuta, na katika kidoa kile nchi mbili zinaingia, nikisema Sultan hatauliza kitu, tutakwenda mbele, Asad atapanda ngazi, atatia saini, nitatia saini, na ile nafasi ya kusomea uuguzi waliyoniahidi chuoni karatasi zikikamilika itakuwa yangu, nitavaa sare na saa ile ya kubandika kifuani kichwa chini miguu juu, na nikisema jina jengine, basi kuna njia nyengine, amesema, ya kuomba mwenyewe bila mume, ndefu, haina uhakika, wengi wamerudishwa nayo, wengine wamepita, yeye hawezi kuniahidi, kurudishwa kwetu Wete, uwanja wa ndege na begi moja, majirani wanachungulia, wanauliza mume yuko wapi kwa macho tu...

Na nani alianza, nani alilileta jina hili nyumbani kwetu, kwani kwetu mwanamke akiolewa anahama nyumba, hahami baba, mama yangu kafa na jina la babake, bibi yangu vivyo hivyo, hakuna aliyewahi kumwita mama Bi Matar kwa jina la baba, angetazama nyuma yake kuona nani anaitwa, lakini Asad alipiga simu kutoka London, nasi tumejazana sebuleni, akasema jamani pasipoti ya Hayat iandikwe jina langu, Wazungu wakiona mke jina hili na mume jina lile watasema ndoa ya uongo, watamnyima visa, na sote tukatikisa vichwa kama watu tuliopewa siri ya serikali, maana nani anawajua Wazungu kuliko mtu anayekaa kwao, ikaandikwa, Hayat Sultan, na Sultan ndiye babake Asad, na shangazi aliposomewa akacheka mpaka akashika ukuta, akasema haya, bi harusi, umeolewa na kaka yako, Asad wa Sultan na Hayat wa Sultan, watoto wa baba mmoja, na wanawake wote wakacheka, na mie nikacheka, na baba hakucheka, baba ni fundi saa, aliichukua pasipoti akaivalia kioo chake kile cha jichoni cha kutazamia mashine za saa, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama kama kitu kilichosimama ambacho hajui kimesimama wapi, kisha akauliza, si kwa ukali, "Huyu binti wa nani?" na shangazi akasema kaka nawe, ni karatasi tu hiyo, na baba akairudisha, kioo bado kiko jichoni, jicho limekuwa kubwa kama la samaki, na siku ile ya ubalozini wakaniuliza tumejuanaje, wakauliza harusi walikuja watu wangapi, waliuliza hata rangi ya mlango wa nyumba ya Asad, jina hawakuuliza, hawakuligusa, na nilipomsimulia Bi Geeta hapa nilipofika akashangaa, akasema kwani nani aliwaambia ni lazima, wake wengi wanakuja na majina ya baba zao, wala hakuna tabu, akalisema kama jambo dogo, kama mtu anayekwambia umevaa kanga upande, na tangu siku ya pasipoti baba akinisikia kwenye simu husema, habari za huko, Bi Sultan, Malkia hajambo, na ninacheka, na anacheka, na hapo katikati ya vicheko viwili pana kitu kinadondoka na hakuna anayekiokota.

Jina si kitu, Mwanamwema ananiambia, Mwanamwema ninayeishi kwake sasa, anayeuza vitambaa kwenye soko la Walthamstow na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake, chukua visa mwanzo, anasema, jina la babako liko Pemba limekaa, litahama liende wapi, mie mwenyewe hapa naitwa kwa jina la mwanamme aliyenikimbia zamani, na bili ya gesi inakuja kwa jina lake, naisoma, namtukana, nalipa, na yote ni kweli, na kazini kwenye nyumba ya wazee yule bibi ninayemwogesha kila siku ananiita Hetti, alikuwa na dada Hetti, zamani nilikuwa namsahihisha, sasa naitika, ndiyo bibi, maji si moto, naitika Hetti na ngozi yangu haikuchubuka, basi nini kinanichubua leo, kama nimeweza kuwa Hetti asubuhi na Hayat Sultan mchana na Bi Sultan kwenye simu, si niwe tu, si niseme tu, Sul, silabi mbili, Sul, tan, ulimi nyuma ya meno, pumzi, imekwisha... lakini watu wa uhamiaji wakituita je, Bi Geeta amesema huenda wakatuita, mmoja chumba hiki mmoja chumba kile, kitandani nani analala upande wa ukutani, nani anaamka mwanzo, chakula cha jana kilikuwa nini, na mie chakula cha jana cha Asad kapika Zahra, Zahra aliyekuwepo kabla yangu na alikuwepo wakati wangu na yupo baada yangu, nitasema nini, nitasema wali, wali huwa hauachi kuwemo, na nitaapa, mimi Hayat, mtalaka niliyemaliza eda, nitaapa kwamba nalala na mwanamme aliyeniacha, nikitoka humo nitaiosha vipi dhambi hii, nitaswali kwa jina gani...

Honi. Hiyo yake, fupi mara mbili, anaogopa askari wa magari, na Bi Geeta anageuza kichwa kidogo dirishani, anauliza ndiye bwana huyo, na sijui kama nimetikisa kichwa au ni kichwa chenyewe, bwana, huyo, kanipangusia kiti, ananingojea chini, atanipeleka nyumbani kwa Mwanamwema, atauliza kama nina maziwa, ndivyo anavyofanya kaka, kumbe shangazi hakukosea, kaka yangu Asad wa Sultan, kaka mwema, mume ndiye sikumpata, na lini alikuwa mume, lini, mara ngapi alinitazama akaniona mie wala si mgeni wake wa kutoka nyumbani, nakumbuka... nakumbuka jikoni, siku ya talaka, mvua, Mzee Shaame kaja kwa treni kutoka Woolwich kuwa shahidi, kofia yake kaitia katika mfuko wa nailoni isilowe, kaivaa mlangoni, na jirani mwengine shahidi wa pili kasimama karibu na friji kwa kuwa hakuna viti, na Asad kainamisha uso, kasema nimekuacha, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwenye basi, na Mzee Shaame akamkatiza, akasema hapana bwana, hilo si neno la kutupwa tu hewani, sema vizuri, unamuacha nani, mtaje kama ulivyomtaja siku ya kumuoa, friji ikanguruma, na nikamwona Asad analitafuta, analitafuta kweli, kama mtu anayetafuta funguo katika koti la zamani, kisha akainua uso, akanitazama, akasema, "Hayat binti Matar, nimekuacha talaka moja."

Hayat binti Matar. Na nililia pale na Mzee Shaame akadhani nalilia ndoa, akaniambia subira mwanangu, akaomba chai, na mie mwenyewe nikadhani nalilia ndoa, mpaka sasa hivi, mpaka kiti hiki nilidhani hivyo, lakini huenda sikuwa naililia ndoa, ilikuwa ni kule kuitwa, tangu nifike London hakuna aliyeniita hivyo, mara mbili tu kalitamka Asad, siku ya kuozeshwa mbele ya kadhi, kule mbali, mie niko ndani na wanawake nasikia sauti ikipita dirishani, na siku ile jikoni, alinioa nalo, akaniacha nalo, na baina ya siku mbili hizo alikaa na mwanamke mwengine kabisa, Hayat Sultan, na huyo nani, huyo binti wa nani, huyo hakuna kadhi aliyemwozesha, hakuna shahidi aliyesikia akiolewa wala akiachwa, huyo yuko kwenye pasipoti tu, na huyo ndiye anayetaka kupewa ukaazi, asome uuguzi, avae saa kifuani, na mie nimuachie London yote, nirudi wapi sasa, mie nitakaa wapi, katika jina la nani... sijui, sijui Bi Geeta, sijui kama ni ujasiri au ni wazimu, njia ndefu isiyo na uhakika, naogopa, naitaka ile sare, naitaka, na Mwanamwema atanipigia kelele mpaka usiku, atasema umeiacha visa kwa ajili ya neno moja, na itakuwa kweli, ni neno moja, lakini Asad kalirudisha mwenyewe, mbele ya watu wawili na friji, kalirudisha kwangu likiwa zima, halafu leo nilifiche kama kitu cha wizi...

Honi tena. Bi Geeta hakugeuka safari hii, ananitazama mie, kalamu haikuhama, kidoa kimesimama, chini mwanamke bado anabonyeza ndizi na basi halijasogea hata hatua, hakuna kilichosogea, na anasema kwa upole, mama, naweza kuandika baadaye kama bado unafikiri, maana anaona mdomo umefumbwa, hajui, kwa Sultan mdomo unabaki wazi, ni ulimi na meno tu, ni hili jengine, la baba, ndilo linaloanza hivi, midomo miwili imebanana, imekazana, pumzi imejaa nyuma yake...