Fremu ya Nives

Severino Gazzola alipoingia katika baa ya Olindo kunywa kahawa yake ya asubuhi, hakuna aliyegeuka. Wote walikuwa wamemzunguka Loris, kijana wa mashindano ya baiskeli, aliyesimama katikati ya meza huku fremu tupu, isiyo na magurudumu wala usukani, ikining'inia kwenye kidole chake cha mwisho. Wazee waliidai kwa zamu. Ikapita kidole hata kidole, na kila aliyeipokea alicheka kicheko cha mtu aliyedanganywa na macho yake.

"Hiki si chuma," mmoja alisema. "Hii ni tambi!"

"Ni chuma," Loris akajibu. "Nives kaichora, Nives kaichomelea."

Olindo ndiye aliyemwona Severino kwanza. "Aah, bwana mkubwa! Njoo ushike kazi ya bintiyo. Siku hizi mtu akiniuliza Gazzola anakaa wapi, lazima nimuulize kwanza: yupi?"

Watu wakaangua kicheko. Severino naye akacheka, kwa kuwa baba hana budi kucheka. Aliipokea fremu kwa mikono miwili ingawa mmoja ungetosha, akairudisha upesi kana kwamba ina moto. Kahawa yake aliiacha nusu.

Katika mji ule ulio chini ya Mlima Grappa, jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye baiskeli za akina baba na za watoto wao. Fremu zake zilinyooka, zilivumilia, na hakuwahi kuzifikiria kuwa nzito mpaka majira yale ya kuchipua. Severino ndiye aliyemfundisha Nives. Alimpa tupa ya kusugulia chuma angali msichana wa shule, akamwonyesha namna ya kuufuata ukingo wa bomba bila kuujeruhi. Sasa Nives alikuwa amepita miaka thelathini, na maswali yake hayakuwa tena ya mwanafunzi. Kwa nini bomba lisiwe pana zaidi, ukuta wake ukawa mwembamba zaidi? Si upana utafidia wembamba? Severino alimjibu kwamba bomba ni bomba. Nives akaenda kuchora. Kwa kuwa dukani hapakuwa na viungio vya mabomba ya upana ule, akavikata na kuvichonga mwenyewe, kisha akaviunganisha kwa fedha badala ya shaba, kwa sababu fedha huyeyuka kwa moto mpole usiounguza chuma chembamba.

Wivu wa Severino ulivaa nguo za heshima. Ulijiita hofu. Alijiambia kwamba anahofia shingo ya Loris siku ya mashindano, kwenye mteremko ule wenye kona kali. Aliiona fremu ikikatika, akajiona yeye amesimama kando ya barabara akisema, si niliwaambia? Katika ndoto hiyo ya mchana ilimbidi kila mara amwinue Loris mwenyewe, amkung'ute vumbi, amfanye atembee. Asipofanya hivyo, ndoto ilimgeukia, ikawa jinamizi.

"Baba, sema tu. Unaionaje?" Nives alimuuliza mezani, akimpakulia polenta, ugali wao wa mahindi.

"Itavunjika."

"Wapi?"

"Shingoni, chini ya usukani."

"Kwa nini?"

Severino alimega polenta yake. "Kwa sababu nilizaliwa kabla yako."

"Hiyo si sababu, Baba. Hiyo ni tarehe."

Jumapili iliyofuata Nives alikwenda kanisani. Fremu ilikuwa imerudi karakanani mwao, ikingoja kupelekwa kwa fundi wa rangi. Severino aliibana kwenye jiliwa la mezani, akachukua msumeno wa chuma, na bila kujipa nafasi ya kuwaza akaipasua shingo kwa urefu. Chuma kilikatika kwa sauti nyembamba, sauti asiyoijua. Alipoifungua aliipeleka dirishani. Mstari wa fedha ulizunguka ndani kote, sawasawa, bila tundu wala pengo.

Akakata kiungo cha chini ya kiti. Fedha ilikuwa imejaa. Akakata cha kanyagio, na hapo, jasho likimdondokea mikononi, akatambua kwamba Loris hakuwa amemjia akilini tangu alipoushika msumeno. Alikaa juu ya kigoda. Kengele za kanisa zililia, naye hakuinuka kuficha chochote.

Nives aliingia na gauni lake la kanisani. Akaviona vipande.

"Umeikata."

"Nilitaka kuona."

"Kuona nini?"

Jina la Loris lilikuwa tayari ulimini, safi, lenye kumwokoa. Severino alilimeza. "Nilitaka nikute pengo."

Nives aliinama. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavitazama kwenye mwanga, akapitisha kucha juu ya mstari wa fedha.

"Mimi mwenyewe sikuwahi kuona ndani," alisema. "Nilikuwa naamini tu." Kisha akaviweka mezani. "Sikusamehe, Baba."

"Sijaomba."

"Basi vua koti. Nikatie mabomba mapya."

"Leo Jumapili, Nives."

"Ulipokuwa unakata hiyo haikuwa Jumapili?"

Walifanya kazi siku ile na siku zilizofuata. Baba alikata na kushikilia, Nives aliwasha moto. Severino hakuwahi kuutazama moto wa binti yake kutokea upande ule wa msaidizi. Nives aliuweka mbali zaidi ya alivyozoea baba yake, akauchezesha kwa kifundo cha mkono, na mara mbili tatu Severino alifumbua kinywa ili amsahihishe. Kila mara fedha ilitangulia kumjibu, ikatiririka na kuzama ndani ya kiungo kana kwamba imeitwa. Wivu haukuondoka. Ulimpanda kifuani kama kiungulia, ukashuka, ukapanda tena, naye akaendelea kushikilia bomba lisitikisike.

Kilipobaki kiungo cha shingo, Nives alimnyooshea tochi ya gesi.

"Hiki fanya wewe."

"Unanitania?"

"Nimechoka mkono. Fanya."

Aliipokea. Alikuwa amechomelea shingo zisizo na hesabu maishani mwake, kwa shaba na moto mkali. Aliisogeza tochi, akasita. Chuma kilikuwa chembamba mno, na mkono wake ulijua jambo jingine kabisa.

"Moto uwe mbali kiasi gani?" akauliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza binti yake kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua. Nives alisogea karibu. Alikishika kifundo cha mkono wa baba yake, akakivuta nyuma kidogo, akaukalisha mwali pale ulipotakiwa, halafu akauachia mkono. Fedha ilianza kung'aa, ikalegea, ikapotea ndani.

Walingoja chuma kipoe. Nives aliifuta shingo kwa kitambaa, akaigeuzageuza.

"Inapendeza nje," alisema.

"Na ndani?"

Aliutazama msumeno uliokuwa ungali mezani, kisha akamtazama baba yake.

"Ndani umo wewe. Nitaamini tu," akasema, akaitia fremu begani, akatoka nayo kwenda kwa fundi wa rangi.