Bango Lisilochanika

Nilipostaafu uchapaji, mashine yangu ilikataa kustaafu. Niliihamishia kwenye banda la nyuma ya nyumba, na naapa, siku nyingine naikuta imeshachapa kadi za harusi za watu ambao hata hawajachumbiana. Mke wangu anasema huo ni uongo. Shauri yake. Lakini hili la bango la kisima ni kweli tupu, na mashahidi wako hai.

Binti yangu ni muuguzi kwenye zahanati ya nyuma ya soko. Jumatatu aliingia bandani akakaa juu ya rundo la karatasi bila hata kuamkia.

"Baba, nina watoto tisa wanaharisha, na vitanda ni sita. Majibu ya maabara yamerudi. Choo cha soko kinavujia kisimani."

"Sasa watu si waambiwe?"

"Eti wameambiwa." Akanirushia tangazo la ofisi ya mji.

Nililigeuza huku na huku. Nembo saba, mistari kumi na saba, herufi kama mayai ya chawa. Wananchi walikuwa wanahimizwa kuzingatia matumizi bora ya rasilimali maji. Kisima hakikutajwa popote.

Mimi nina kipimo changu cha miaka arobaini: dada yangu mkubwa. Hushinda kibarazani kwake ng'ambo ya barabara, macho hafifu, na miwani hataki hata kuisikia. Kazi yoyote naitundika mlangoni. Akiisoma bila kuinuka kitini, nachapa. Akiinuka, naanza upya. Nikalitundika lile la ofisi.

"Dada! Hilo linasemaje?"

"Linasema umeharibu karatasi nzuri!"

Tukakaa, mimi na binti yangu, tukafyeka maneno mpaka yakabaki yale ambayo mtu mwenye ndoo mkononi atayadaka akiwa anapita. Herufi nene nyekundu, kila moja kubwa kama kiganja: KISIMA CHA SOKONI KINA KINYESI. USINYWE. CHOTA ZAHANATI, BURE. Nikatundika.

Dada akaruka kama kakalia kaa la moto. "Weee! Mimi nimeyanywa jana hayo maji!"

Kwa mara ya kwanza nilimsamehe kuinuka.

Tatizo likawa muhuri. Bango lisilo na muhuri wa ofisi ya mji halimalizi siku ukutani. Nikampelekea afisa habari, yule tunayemwita Tai Fupi kwa sababu tai yake huishia kwenye kifungo cha tatu. Alisoma, jasho likamtoka.

"Mzee, kisima hiki alikizindua mkuu wa mji mwenyewe! Toa hilo neno kinyesi. Weka changamoto za usafi. Na picha ya mkuu iko wapi? Bango bila picha yake silipitishi."

"Picha kubwa kiasi gani?"

"Kubwa, mzee. Kubwa!"

"Hilo la picha nimekuelewa vizuri," nikamwambia. Akanipa picha, akagonga muhuri kwenye fomu ya kibali, akaenda kunywa chai.

Nikachapa mabango mia mbili. Mkuu wa mji alijaa karatasi nzima, kuanzia kipara hadi kiunoni, anatabasamu. Na yale maneno mekundu, bila kupunguza hata moja, nikayalaza juu ya koti lake, kifuani.

Binti yangu alipoyaona akashika kiuno. "Baba, watakufunga."

"Na hao tisa wako, Ijumaa watakuwa wangapi?"

Alichukua ndoo ya gundi na brashi, akatangulia yeye. Kulipopambazuka tulikuwa tumezunguka soko zima, na ukuta unaotazamana na pampu ya kisima tuliubandika chini, pale macho yanapoangukia mtu akiinama kuchota.

Saa tatu Tai Fupi akafika mbio na vibarua wawili wenye visu vya kukwangulia rangi.

"Chaneni hayo!"

Kibarua wa kwanza akasogea, akatazamana na mkuu ana kwa ana. "Bosi, nianzie wapi? Jichoni?"

Foleni ya maji ikaangua kicheko. Watu wakatoa simu, wakaanza kupiga picha.

"Picha iache! Kwangua maneno tu!"

"Maneno yako kifuani, bosi. Nimtie kisu cha kifua mkuu wa mji, mbele ya watu wote hawa?" Akamkabidhi mwenzake kisu. Mwenzake akaweka mikono nyuma. "Mimi nina familia. Kata wewe, bosi, una cheo."

Tai Fupi alikishika kile kisu, akakiangalia, akakirudisha. Mama mmoja muuza vikapu akamsogelea. "Mkuu mwenyewe katuambia tusinywe, wewe nani wa kumbishia?" Akaimwaga ndoo yake pale pale, kwenye viatu vya afisa. Wengine wakafuata. Kabla ya adhuhuri Tai Fupi alikuwa amefunga mnyororo kwenye mkono wa pampu kwa mikono yake mwenyewe, maana angefanyaje?

Ijumaa akaja bandani na kalamu.

"Mzee, utaandika barua ya kuomba radhi. Useme ulikosea maneno."

"Sikukosea hata herufi."

"Naweza kulifunga hili banda, unajua?"

"Kafungue kisima kwanza, unywe, ndipo uje unifunge."

Binti yangu akatokea mlangoni, kofia ya kazi mkononi. "Tisa wamebaki wanne, baba. Na leo hajaletwa mwingine." Kisha akamgeukia Tai Fupi. "Afisa, huyu alichapa, mimi nilibandika. Kama unaandika majina ya wakosaji, andika yote mawili."

Tai Fupi akabaki na kalamu hewani. Nikamsogezea karatasi safi, nikamtajia jina langu polepole, silabi kwa silabi, asije akalikosea.