Basi la Mama Zedekiah

Basi nililitafuta mimi. Kabla mtu hajaniambia nina roho mbaya, hilo aliweke kichwani kwanza. Nililitafuta kwa miguu yangu, na dereva nikambembeleza kwa mdomo wangu huu huu unaosemwa kuwa ni mrefu.

Hapa Kaloleni, Nairobi, mtu akifa, wafiwa hupiga hodi kwangu kabla hata ya kwenda kwa mchungaji. Mimi Phelister ndiye ninayejua basi lipi haliharibiki njiani, dereva yupi halewi na mto upi hufurika mvua ikinyesha. Kazi yangu ni kuuza samaki sokoni Gikomba, lakini tangu mume wangu Phares afariki nimewasafirisha watu wengi wa mtaa kwenda mazishini huko magharibi, hata wakanizoea kama mfereji wa maji. Harusi sikuwa nimewahi kusafirisha. Wenye harusi hawakumbuki mtu wa matanga.

Siku moja akaja Zedekiah. Tuelewane hapa. Zedekiah sikumzaa. Ni mtoto wa mdogo wake Phares. Baba na mama yake walikufa hata kutembea vizuri hajajua, Phares akamleta Kaloleni amemfunga kwenye shuka. Mimi Mungu hakunipa mtoto wa tumboni. Nilimlea huyo. Alilala jikoni chini ya meza mpaka miguu ikawa inatokeza nje. Akasoma, akapata kazi ya ofisini, akaanza kuvaa tai. Mtaa mzima unaniita Mama Zedekiah, na jina hilo nilikuwa nalipenda kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa.

"Mama," akaniambia, "nimepata mchumba kule kwetu, anaitwa Adhiambo. Harusi itakuwa nyumbani, kwa Baba Patrobas."

Moyo ukanifurahi nusu, nusu nyingine ikanywea. Patrobas ni kaka mkubwa wa Phares. Phares alipokufa, Patrobas alitaka kunirithi, kama desturi yetu Wajaluo ilivyo. Nikakataa. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mimi si jembe, mwenyewe akifa ndugu yake analiweka begani. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Na kwetu mjane ambaye hajarithiwa ana mwiko. Haingii boma la watu, maana wanasema ataingia na balaa. Penye harusi ndiyo usiseme.

Kwa hiyo nikamuuliza waziwazi. "Na mimi je? Patrobas atanifungulia lango?"

Zedekiah akacheka. "Mama, hayo ni mambo ya kale! Sisi ni watu wa kanisa. Nitazungumza naye mwenyewe. Mchungaji akiuliza nani anamleta bwana harusi, wewe ndiye utakayesimama mahali pa mama yangu."

Yawa! Nililia mpaka ugali ukaungua. Tangu siku hiyo sikuwaza kingine. Nitasimama mbele ya watu, nitasema, "Mimi ndiye ninayemleta," na hakuna atakayeniambia tena kwamba mtoto wa kulea si mtoto.

Hapo ndipo akasema, "Shida ni wageni. Kule ni mbali na barabara ni mbovu. Kuna majirani, kuna wenzangu wa kazini, kuna kwaya. Nani atawafikisha?"

Nani? Swali gani hilo.

Nikamwendea Barre, dereva niliyemzoea misibani, mwenye basi lake kuukuu la kijani. Akatikisa kichwa. "Mama, kule ng'ambo ya Mto Kuja? Gari yangu itakufa." Nikamwambia, "Barre, miaka yote hii nakupa maiti. Leo nakupa bibi harusi, unakataa?" Akacheka, akakubali. Alikubali kwa ajili yangu, si kwa ajili ya tai ya Zedekiah. Nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu wavae viatu vya matope na vile vizuri wavibebe mkononi. Nikakaanga samaki, nikapika mandazi ya njiani. Fundi wa karibu na jumba la mikutano akanishonea gauni la buluu lenye kola nyeupe, nikalikunja vizuri ndani ya mfuko wa nailoni ili lisiguswe na vumbi. Nyumbani nikawatandikia maharusi kitanda changu, maana walikuwa warudi nasi baada ya sherehe na wakae kwangu mpaka wapate nyumba yao.

Tukaondoka Ijumaa jioni; Zedekiah alikuwa ametangulia. Jirani yangu Teresiah, muuza mboga, Mkikuyu ambaye hakuwa amewahi kuvuka Nakuru, alikaa karibu nami. Asubuhi, tulipoacha lami na basi likaanza kuruka mashimo, akaniuliza, "Mama Zedekiah, huko kwenu ndiko dunia inakoishia ama bado?"

"Bado. Ikiisha nitakuambia ushuke."

Baada ya mto basi likazama matopeni. Ule udongo mweusi ukinyeshewa haushikiki. Wenzake Zedekiah wa ofisini wakabaki dirishani wakiogopea suruali zao. Nikawaambia, "Shukeni, hii si ofisi!" Wakashuka. Tukasukuma sote, mimi nikiwa mbele nawaimbisha, mpaka basi likatoka na Barre akapiga honi kwa furaha. Karibu na boma nikajificha nyuma ya basi, nikanawa kwa maji ya chupa, nikavaa gauni langu. Teresiah akanifunga vifungo vya mgongoni. "Umependeza," akasema. "Leo utamshinda hata bibi harusi."

Paa la kanisa lilikuwa limeezuliwa na upepo, kwa hiyo ibada ikawekwa uwanjani kwa Patrobas, chini ya turubai. Vigelegele vikatupokea. Wageni wangu wakashuka mmoja mmoja wakipewa mikono. Nikashuka mwisho, kama mwenye gari. Patrobas akaweka fimbo yake langoni.

"Nyar Alego," akasema. Ndivyo anavyoniita, binti wa Alego, kwa kuwa nilizaliwa huko. "Wageni tumewapokea, ahsante. Wewe unajua mahali pako."

"Shemeji, mahali pangu nitaonyeshwa na mwenye harusi. Niitie Zedekiah."

Zedekiah akaja, suti nyeusi, ua kifuani. Hakunitazama usoni. Alitazama matope kwenye viatu vyangu.

"Mama, tusigombane na wazee leo."

"Ulisema utazungumza naye."

Akalinyoosha ua lake la kifuani.

"Zedekiah, uliniahidi nitasimama mahali pa mama yako. Ulisema kwa kinywa chako, ukila ugali wangu."

"Mama," akanong'ona, kama mtu anayemtuliza mlevi, "hayo tuliyasema Nairobi."

Ningepigwa kofi ningeshukuru. Nikamuuliza, "Basi ni nani atakayesimama?" Akasema ni mke wa Patrobas. Halafu akamalizia, "Nilikuomba uwatafutie watu gari. Nilijua utawasindikiza mpaka basi liondoke, kisha ubaki. Ngoja ndani ya basi, nitakuletea chakula."

Akageuka akaenda zake. Na watu wangu je? Wale niliowapigia hodi, niliowakaangia samaki, niliowatoa matopeni? Waliingia. Walinipita wakiinamisha vichwa, wengine wakijifanya wanatafuta viatu vyao. Teresiah akasimama nami kidogo, akanishika mkono. "Ngoja nikaangalie kunaendaje," akasema, "narudi sasa hivi." Hakurudi.

Nikakaa ndani ya basi na gauni langu la buluu. Barre akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, na kwa hilo namwombea mpaka leo. Boma lile halina ukuta, ni ua wa miti tu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nikasikia kwaya. Nikamsikia mchungaji akiuliza, "Nani anamleta bwana harusi?" Na mke wa Patrobas, mwanamke ambaye hajawahi kumfulia Zedekiah hata soksi, akajibu, "Mimi!" Vigelegele vikalia. Nilishika kiti cha mbele, nikajisemea, asante ya punda kweli ni mateke.

Baadaye Teresiah akaleta sahani: wali, nyama, kipande cha keki kimelowa mchuzi. "Zedekiah ndiye aliyetuma," akasema. Nikaiweka chini ya kiti. Nzi wakala harusi hiyo kwa niaba yangu.

Jua lilipoanza kuteremka, watu wakarudi kwenye basi wameshiba. Mimi nikasimama mlangoni nikiwasaidia kupanda. Akapanda Teresiah, ikapanda kwaya, wakapanda wale wa ofisini. Mwisho wakaja maharusi na sanduku lao. Adhiambo, binti wa watu, alikuwa amevua viatu na kuvishika mkononi. Akanitazama kwa adabu, akapiga goti kidogo.

"Zedekiah," akauliza, "na huyu mama ni nani?"

Nilimtazama Zedekiah. Mungu ni shahidi yangu, hata wakati huo nilikuwa namngojea. Angesema neno moja tu, ningesahau fimbo, ningesahau sahani, ningewapa kitanda changu na mimi nilale jikoni chini ya ile meza.

Patrobas alikuwa nyuma yake. Zedekiah akakohoa. "Huyu," akasema, "ni yule mama wa Kaloleni aliyetutafutia basi."

Nikaweka mkono wangu mlangoni, kama fimbo ilivyowekwa langoni.

"Umesema kweli," nikamwambia. "Mimi ni mama wa basi. Uliniomba nilete wageni, nimewaleta, na sasa nawarudisha. Wewe si mgeni wangu. Wewe ni mwenyeji hapa. Baki kwenu."

"Mama, kesho kutwa nina kazi! Huku hakuna gari!"

"Hayo tutayasema Nairobi."

Ndani ya basi mtu akasema, "Aa, Mama Zedekiah, msamehe, ni kijana." Sikugeuka. Nikamwambia Adhiambo, "Mwanangu, wewe sina neno nawe. Ukitaka kupanda, panda." Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga. Kisha akavaa viatu vyake palepale kwenye matope, akasimama kando ya mumewe. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Lakini mkono wangu mlangoni sikuuondoa.

Barre akauliza, "Mama, tuondoke?" Nikasema tuondoke. Zedekiah akapiga ubavu wa basi kwa kiganja, akaita, "Mama! Mama!" Mbele ya Patrobas, mbele ya boma lote, kwa sauti kubwa. Sasa ndipo alipolikumbuka neno hilo.

Njia nzima hakuna aliyeimba. Nilipofika Kaloleni nikatandua kitanda, nikafua shuka ambazo hakuna aliyezilalia. Zedekiah alirudi mjini siku nyingi baadaye, akapanga nyumba mtaa mwingine. Nasikia wana mtoto. Kwangu hajakanyaga, wala sijaenda.

Watu wanasema niliaibisha harusi. Waseme. Jambo linaloniuma ni moja tu. Kila asubuhi nikibeba karai langu la samaki, watoto wa mtaa wananipungia mkono, "Mama Zedekiah! Habari ya asubuhi, Mama Zedekiah!" Nami naitika. Nitafanyaje? Sina jina lingine.