Alama za Vidole Vyepesi

Mkufunzi hakupenda kicheko cha shemeji yake. Katika chumba cha mazoezi, kompyuta ziliigiza kiwanda kizima cha mbolea, kuanzia matangi na pampu hadi ving'ora. Mwanafunzi akikosea, tangi lilipasuka kwenye kioo cha kompyuta, kisha akabonyeza kitufe, kiwanda kikarudi kizima kana kwamba halikutokea jambo.

Huyo shemeji, mume wa mdogo wake, ndiye aliyeongoza darasa kwa alama. Wenzake walimwita Vidole Vyepesi. Aliiacha presha ipande hadi ukingoni ndipo aishushe, maana programu iliwapa alama nyingi wasiozima mtambo. Alipochelewa, alilipua tangi, akaanza upya huku akipiga mluzi.

"Shemeji, leo umeua wangapi?" mkufunzi alimuuliza.

"Wa kwenye kompyuta hawaachi wajane, shemeji."

Darasa likavunjika mbavu. Mkufunzi alikwenda kumwambia meneja kwamba kijana hajaiva. Meneja akafungua ukurasa wa alama. "Sasa unataka nini tena, mama?"

Kwa hiyo kijana akapewa zamu kwenye mitambo yenyewe. Asubuhi moja mkufunzi alipita kumjulia hali, akakuta king'ora kimepunguzwa sauti na presha ya tangi la amonia inapanda. Shemeji yake alikuwa ameegemea kiti, macho yanang'aa.

"Zima mtambo."

"Bado kuna nafasi."

Nje ya dirisha, wapaka rangi wawili walikuwa juu ya ngazi ya tangi hilo hilo. Mkufunzi alimsukuma kando, akazima mwenyewe. Mngurumo ulianza kufifia, lakini bomba lilikuwa limeshafyatuka. Wingu jeupe likameza ngazi. Mpaka rangi mmoja alitoka akitambaa. Mwenzake alibebwa, akakata roho njiani kwenda hospitali.

"Niliitazama presha tu," shemeji alirudia kwa kila aliyemhoji. Alifukuzwa kazi.

Darasa jipya lilipofika, mkufunzi hakuwasha kompyuta. Aliwapeleka kwanza chini ya tangi, akawasimulia yote bila kuficha kwamba kijana yule alikuwa wa nyumbani kwake. Walisikiliza, shingo zimeinuka kuitazama ngazi. Kisha mmoja wao, binti mwenye uso mpole, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Akifa mtu, zinakatwa alama ngapi?"

Programu haikuwa ikikata hata moja.