Ncha ya Nailoni

Utepe ulikuwa umebandikwa mara mbili. Kitinda aliuona kabla boksi halijatua mezani: utepe mpya juu ya ule wa kwanza, umepinda kidogo, kama mlevi anayejikaza asimame wima.

"Haya, mzigo wako huo," kaka yake alisema, akijitupa kwenye kochi. "Nimeubeba kama yai."

"Asante, kaka."

Mdomo ulishukuru, moyo ulinyamaza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Kitinda alishaumwa. Zamani kaka alichukua kompyuta yake kuipeleka kwa fundi, ikarudi kipande kimoja cha memori hakimo. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyejibu. Jambo hilo likakaa nyumbani kama mgeni asiyejua kuaga.

Aliegemeza simu kwenye birika, akaielekeza ili kochi nalo lionekane, akaanza kurekodi.

"Ya nini hiyo?"

"Siku hizi kila mtu anarekodi akifungua. Ikiwa mbovu, duka linataka ushahidi."

"Duka," kaka alirudia, taratibu.

Mama alichungulia mlangoni, mikono imejaa povu. "Ndiyo hiyo kadi? Harusi ya nani?"

"Kadi ya michoro, mama. Ya michezo ya kompyuta."

"Nene hivyo! Bwana harusi huyo ana maneno mengi." Akarudi kwenye vyombo vyake akicheka peke yake.

Kitinda alikata utepe. Sponji ilikuwa na alama za vidole. Mfuko wa ndani, ule wa rangi ya fedha, ulikuwa umefunguliwa, kisha ukakunjwa upya vizuri mno. Yeye ndiye aliyemsihi mama amruhusu kaka arudi kukaa nao. Yeye ndiye aliyesema watu hubadilika.

"Uliifungua," alisema bila kuinua macho.

"Niliifungua."

Vyombo vikagongana jikoni.

"Nilivyoushika tu mzigo, nikaona uzito wake siuelewi," kaka alisema. "Mimi nilishauziwa kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu. Ulicheka wewe mpaka ukalia. Nikasema, nisije nikamletea mdogo wangu tofali."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Kitinda aliinamia boksi. Aliitoa kadi, nyeusi, nzito, feni zake zimelala kimya. Aliigeuza kwenye mwanga akitafuta mkwaruzo, vumbi, jeraha la bisibisi. Hakuona. Alichokiona ni nailoni nyembamba iliyoufunika uso wake, nzima, bila kiputo. Hata ile ncha ya kuvutia haikuwa imeguswa.

Nyumbani kwao nailoni ya kitu kipya haikuwa ikibanduliwa. Rimoti ilizeekea ndani ya nailoni yake. Mara moja tu mama alilegeza sharti, walipopata redio mpya, na ndugu hao wawili wakagombea kubandua hadi kaka akapoteza jino. Kitu kipya, kaka alikuwa akisema, utamu wake wote uko kwenye ule mlio.

"Hiyo nilikuachia," kaka alisema.

Kitinda alishika ncha, akavuta kidogo. Ulitoka mlio mwembamba, mtamu. Akasita. Kisha akaisukuma kadi taratibu hadi upande wa pili wa meza.

"Malizia wewe."

Kaka hakuitazama kadi. Aliitazama simu, ambayo bado ilikuwa ikimkodolea jicho kutoka kwenye birika.

"Zima hiyo kwanza," alisema, na mkono wake ukabaki juu ya goti, ukisubiri.